Ule Unga wa "Miaka Elfu Tano" Aliouziwa Mathe

Saa nane usiku niliamka kunywa maji nikamkuta mathe jikoni. Taa imezimwa, friji iko wazi, na kichwa chake kiko ndani ya friji. Nikadhani ni njaa. Nikamcheka kidogo: "Mama, si ungeniamsha nikupikie kitu?" Hakucheka. Alikuwa ameloa jasho kama mtu aliyetoka kukimbia, na hiyo ilikuwa Julai, Nairobi, ile baridi ya kulala na soksi. Akafunga friji, akaniambia nirudi kulala.

Niko na miaka 23, nimesoma mpaka chuo, na sikujua ninaangalia nini. Hedhi inaanza vipi, hiyo najua. Tulifundishwa shule ya msingi, wavulana wakatolewa nje, tukapewa pedi na kijitabu. Inaisha vipi? Hiyo hakuna mtu aliwahi kuniambia. Ilikuwa kama sinema ambayo wote tumeona mwanzo, halafu stima ikapotea.

Miezi kadhaa baadaye kukatokea mkebe wa kijani juu ya kabati. Shilingi 4,800. Ulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mvi anatabasamu kama ameshinda kesi, na maandishi kwamba huu ni mchanganyiko wa Ayurveda, siri ya miaka elfu tano ya kuponya menopozi. Mathe aliununua kwa mtu wa mtandaoni. Hakuniambia, na mimi sikuuliza, si unajua vile tunaishi.

Sasa sikiza. Mathe alikuwa amekaa karibu miaka miwili bila kuona hedhi. Wiki ya tatu ya ule unga, akatokwa na damu. Akamwandikia muuzaji, akajibiwa kwamba hiyo ni dalili nzuri, mwili unajisafisha, aongeze kijiko kimoja. Akaongeza. Mimi nilijua tu juu alinituma dukani pedi, nikamuuliza, "Kwani si hayo mambo yaliisha?" Akaniambia yamerudi. Akaonekana karibu kufurahi.

Nitarudi hapo. Lakini lazima mjue nilianza kusoma haya mambo nikiwa na hasira. Mpango ulikuwa niichome Ayurveda yote kwa posti moja, nimalize, nilale. Nikasoma kama miezi miwili hivi. Nikagundua kwamba vile vitabu vya zamani vya Kihindi na ule mkebe wa kijani hawasemi kitu kimoja kabisa, na kati ya hao wawili, muongo ni mkebe.

Tuanze na hiyo elfu tano. Ayurveda ni neno la Kisanskriti, maana yake kama elimu ya uhai. Vitabu vyake viwili vikubwa vya mwanzo vinaitwa Charaka Samhita na Sushruta Samhita. Wanahistoria wengi wanakadiria vilichukua sura tunayoijua takriban miaka 2000 iliyopita, vikiwa vimekusanywa na kuongezewa na watu tofauti kwa karne kadhaa. Miaka 2000 ni mingi, manze. Haihitaji kuongezewa elfu tatu za bure ndiyo iheshimike. Mtu akianza kwa kukuongezea chumvi kwenye umri, mchunguze na hayo mengine.

Sushruta anajulikana zaidi kwa upasuaji. Mle ndani kuna maelezo ya kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia ngozi ya shavu, na ya kutibu mtoto wa jicho. Lakini kuna sehemu anaeleza damu, na hapo anasema damu ya hedhi inatokana na rasa, yaani ule utomvu ambao mwili unautoa kwenye chakula. Inaanza msichana akiwa na miaka 12 hivi, na inakoma karibu na 50, mwili ukishakomaa kwa umri. Basi. Anaendelea na mambo mengine. Hakuna jina la ugonjwa, hakuna dawa inayofuata, hakuna hata kushtuka. Ni kama mtu anayekuambia mvua ya vuli huja Oktoba.

Mimi hapo nilisimama. Juu kama kuna "siri ya kuponya menopozi" kwenye vitabu vya zamani, hapo ndipo ingekuwa. Na haipo. Waliweka tarehe wakaenda.

Lakini sitaki kuwapamba sana hao wazee. Ayurveda ya zamani iligawanywa kwa matawi nane. Kuna tawi la upasuaji, la magonjwa ya mwili, la kichwa na macho, la sumu, na kadhalika. Mwanamke hana tawi lake. Mambo yake mengi yaliwekwa pamoja na tawi la watoto: kushika mimba, kubeba, kuzaa, kunyonyesha. Halafu kuna tawi zima la nguvu za kiume. Zima! Kuna pia tawi linaloitwa rasayana, la kurudisha nguvu na kuchelewesha uzee, na hadithi yake maarufu ni ya mzee mmoja mtakatifu, Chyavana, aliyechakaa kabisa kisha akarudishiwa ujana. Ndiye aliyeipa jina Chyawanprash, ile jemu nyeusi ya matunda ya amla ambayo utaipata kwa maduka mengi ya Wahindi hapa Nairobi. Kwa hivyo mzee wa kiume akichakaa anatafutiwa jemu. Mama akimaliza kuzaa, kitabu kinafungwa. Kutomuita mgonjwa ni heshima, lakini pia kuna kusahaulika ndani yake.

Hata hivyo kuna kitu walikuwa nacho ambacho nimekipenda. Wanaeleza mwili kwa nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Kapha ni nzito na ya ubaridi, inatawala utotoni. Pitta ni ya moto, inatawala katikati ya maisha. Vata ni kama upepo, kavu, baridi, haitulii, na ndiyo inayotawala uzeeni. Kwa hivyo yule mama wa miaka 50 yuko mpakani, anatoka kwa moto anaingia kwa upepo. Waganga wa Ayurveda wa siku hizi wakiona joto la ghafla na jasho wanasema hiyo ni pitta. Wakiona kukosa usingizi, ngozi kavu, viungo vinauma na wasiwasi usio na sababu, wanasema ni vata. Dawa ya upepo ni kinyume chake, yaani vitu vya joto, vyenye mafuta, na ratiba isiyorukaruka. Chakula kilichopikwa, kwa saa zake. Mafuta ya ufuta mwilini, kichwani na kwenye nyayo. Kulala mapema.

Hiyo ya vata si biolojia ninayoweza kuitetea mbele ya daktari. Lakini kama maelezo ya vile mathe alikuwa, hakuna kitu kilimkaribia kuliko hiyo: moto na upepo kwa nyumba moja.

Na kuna hili neno. Siku hizi kwa Ayurveda menopozi inaitwa rajonivritti. Hiyo nivritti ni kuacha, kujiondoa. Kwa Kihindi mtu akistaafu kazi, kustaafu kwake kunaitwa sevanivritti. Neno ni lilelile. Sisi kwa Kiswahili tunasema kukoma hedhi, na kukoma si ndilo lile neno mzazi anakuambia akiwa na mwiko mkononi: "Leo utakoma!" Wao wanastaafu, sisi tunakomeshwa.

Sasa ilikuwaje kustaafu kukawa ugonjwa?

Hapo inabidi twende Ufaransa. Neno menopozi lenyewe halina hata miaka 250. Lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles-Pierre-Louis de Gardanne. Mwaka 1816 aliliandika kwa namna ndefu zaidi, na 1821 akalifupisha kuwa ménopause kwenye kitabu chake kuhusu kile walichokiita umri wa hatari wa wanawake. Jina likishapatikana, na mgonjwa anapatikana. Karne ya 19 madaktari wa Ulaya wakalibebesha kila kitu, kuanzia wazimu mpaka tabia mbaya.

Wakati huohuo India ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Pale Calcutta kulikuwa na shule ya serikali iliyofundisha tiba ya kienyeji pamoja na ya Ulaya, na Ayurveda ilifundishwa pia kwenye Chuo cha Sanskriti. Mwaka 1835 shule hiyo ikafungwa na masomo ya Ayurveda kwenye Chuo cha Sanskriti yakasimamishwa, ikafunguliwa Calcutta Medical College ya kufundisha tiba ya Ulaya, kwa Kiingereza. Ayurveda haikufa, lakini serikali iliitoa mezani. Waganga wake wakaenda mahali kila mtu anaenda akifungiwa mlango wa ofisi, yaani sokoni. Dabur, ambayo sisi tunaijua kwa mafuta ya nywele na dawa ya meno, ilianzia Calcutta mwaka 1884. Chupa, lebo, tangazo la gazeti. Huyo mwanamke mwenye mvi kwa mkebe wa mathe ana mababu wa zaidi ya miaka mia.

Kuna mmoja wa wakati huo ambaye nimempenda sana, Yashoda Devi wa Allahabad. Mwanzoni mwa karne ya 20, India ambayo waganga wa Ayurveda karibu wote walikuwa wanaume, yeye alifungua zahanati yake ya wanawake na akaandika vitabu vingi, makumi ya vitabu, kwa Kihindi cha kawaida ambacho mama wa nyumbani anaweza kusoma. Ndani unakuta maradhi ya hedhi, uzazi, ndoa, na mapishi. Dawa zake nyingi zilikuwa jikoni tayari. Alikuwa mkali wa maadili, nina uhakika mimi na yeye tungekosana kwa dakika tano. Lakini aliketi akasikiliza wanawake kwa mambo ambayo hawangemwambia mwanamume yeyote, na akayaandika. Huo ndio mstari wa Ayurveda ambao mkebe haukunionyesha.

Rudi Magharibi. Mwaka 1929 wanasayansi walifanikiwa kutenga estrojeni, homoni ambayo ovari zikizeeka inapungua. Hii ni kweli na ni muhimu, ndiyo inaeleza lile joto: homoni ikiyumba, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa, inafungulia jasho bila sababu. Mwaka 1942 Marekani ikaruhusu kidonge kinachoitwa Premarin. Mnajua kinatengenezwa na nini? Mkojo wa farasi jike mwenye mimba. Jina lenyewe ndilo linasema hivyo kwa kifupi cha Kiingereza. Kwa hivyo wasee wanaocheka Wahindi kwa mambo ya mkojo wa ng'ombe, mpunguze sauti kidogo.

Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kilichovuma sana, Feminine Forever. Ujumbe wake ulikuwa kwamba menopozi ni ugonjwa wa upungufu, kama kisukari, na mwanamke asiyemeza estrojeni anapoteza uanamke wake. Soma vile anaeleza wanawake wa miaka 50 utataka kurusha simu. Baadaye ilijulikana kwamba Wilson alikuwa amepokea pesa za kampuni iliyotengeneza Premarin. Mwaka 1975 tafiti zikaonyesha estrojeni ikitumiwa peke yake inaongeza saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Ikaongezwa homoni ya pili kulinda mji wa mimba, biashara ikaendelea.

Na ni mwaka huohuo, 1975, kulitokea kitu kingine ambacho kingepaswa kuwa maarufu kuliko Wilson. Mtafiti wa anthropolojia, Mmarekani anayeitwa Marcha Flint, alichapisha matokeo yake kutoka kaskazini mwa India. Alikuwa amezungumza na wanawake 483 wa jamii ya Rajput, huko Rajasthan na Himachal Pradesh. Akawauliza kuhusu kukoma kwa hedhi. Wachache sana walikuwa na malalamiko yoyote, ukitoa tu kubadilika kwa hedhi yenyewe. Hakukutana na ule msururu wa kizunguzungu na huzuni ambao madaktari wa Amerika waliuita kawaida.

Maelezo yake? Wanawake hao kabla ya hapo waliishi purdah. Uso unafunikwa, hukai na wanaume, huzungumzi mbele yao, mwezini unahesabika mchafu. Hedhi ikikatika, yote hayo yanaondoka. Mama anateremka kutoka chumba cha wanawake, anakaa na wanaume, anazungumza, anatania, anasikilizwa. Flint akauliza kama menopozi ni zawadi au ni adhabu, na akasema kwao Marekani ni adhabu: ukizeeka hakuna kitu kinakungoja.

Nilipenda hiyo habari kiasi cha kutaka kuimalizia hapo, niseme tu "heshimu mamako atapona." Lakini si uaminifu. Tafiti za baadaye India zilizouliza kwa undani zimekuta wanawake wengi wanaumia: viungo, mgongo, uchovu, usingizi, na joto pia. Tena purdah si kitu cha kusifia ati kwa sababu ukitoka unafurahi. Ukifungiwa miaka 35, mlango wowote ukifunguliwa utaona jua. Nafikiri Flint aliona kitu cha kweli, kwamba mwili ni mmoja lakini unachongojewa nacho upande wa pili kinabadilisha vile unaubeba. Na nafikiri pia kuna mama kwa hao 483 aliyeangalia huyu mgeni na daftari lake akaamua hamwambii kitu. Mathe angefanya hivyo.

Sasa Julai 2002. Marekani ilikuwa inaendesha utafiti mkubwa, Women's Health Initiative. Sehemu moja ilikuwa na wanawake 16,608, nusu wanapewa zile homoni mbili, nusu kidonge kisicho na kitu. Ikasimamishwa kabla ya wakati: saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo vilikuwa vimeongezeka kidogo. Kwa saratani ya matiti, nyongeza ilikuwa wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Magazeti hayakusema 8 kwa 10,000, yalipiga yowe. Mamilioni ya wanawake wakaacha vidonge. Baadaye watu wakatulia wakasoma vizuri, wakaona wastani wa umri wa hao wanawake ulikuwa 63, wengi walishapita menopozi kitambo. Kwa mwanamke wa chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka kumi tangu hedhi ikome, mwenye dalili kali na asiye na sababu ya kukatazwa, madaktari wengi leo wanaona faida ya homoni inazidi hatari. Lakini woga ulikuwa umeshaingia, na woga ni soko.

Hapo ndipo mikebe ya kijani inapata nafasi. Mwanamke amekimbia kidonge, bado anatoka jasho, anataka kitu "asilia". Ayurveda ilikuwa na majina mazuri tayari. Shatavari, mizizi ya mmea wa jamii ya asparaga, ambao tangu zamani ulipewa wanawake kwa uzazi na maziwa. Ashwagandha, iliyokuwa ya nguvu na usingizi. Ukazichukua, ukazitoa kwenye chakula, mafuta, ratiba na mganga anayekuuliza maswali nusu saa, ukazisaga, ukaandika menopozi, ukaandika elfu tano. Yaani tuliambiwa tunakimbia biashara ya kidonge tukaingia biashara ya kijiko. Wazo la Wilson kwamba wewe ni mgonjwa wa upungufu halikuguswa, lilibadilishiwa tu rangi ya mkebe.

Je, hiyo mizizi inafanya kazi? Kuna ushahidi kidogo. Kwa mfano utafiti wa India wa 2021, wanawake 91 kwa wiki 8, ulionyesha waliopewa ashwagandha walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Watu 91, wiki 8. Ni mwanzo, si siri ya dunia. Kwa upande mwingine kuna visa vya ini kuumia vilivyohusishwa na ashwagandha, na Denmark iliipiga marufuku 2023. Na kuna hii ya kutisha zaidi: watafiti Marekani walipima bidhaa za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, wakachapisha mwaka 2004. Kati ya 70, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima za mtandaoni, 193, na kama moja kwa kila tano ikawa hivyohivyo. Kwa hivyo ule unga ukiwa hauna jina la kiwanda wala nambari ya toleo, kama wa mathe, hujui unakunywa nini.

Yoga pia nilicheki, juu komenti zitaniuliza. Utafiti mmoja wa Marekani wa 2014 ulikuta wiki 12 za yoga hazikupunguza lile joto, lakini wanawake walilala vizuri zaidi. Mtu ambaye hajalala miezi minne atachukua hiyo.

Turudi kwa ile damu. Nilimpigia rafiki yangu anayesomea uuguzi, nikamweleza kama story tu. Hakunijibu kama story. Akaniambia ukimaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote baada ya hapo, hata tone, unaenda hospitali. Hakuna kujisafisha. Mara nyingi si kitu kikubwa, lakini mara nyingine ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya mji wa mimba, ile ambayo ikipatikana mapema inatibika. Mathe alikataa siku nne. Akaniambia anaona aibu kueleza daktari kijana. Siku ya tano nilikaa mlangoni na viatu. Alipigwa picha, wakakuta kinyama kidogo kimeota ndani, wakakitoa, wakakipima, hakikuwa saratani. Siwezi kusema ni unga ulileta, na daktari hakusema hivyo. Ninachojua ni kwamba ule ujumbe wa "ongeza kijiko" ulimweka nyumbani wiki mbili.

Mkebe nikautupa. Nikabaki na mama ambaye bado hapati usingizi, na hasira zangu zimeisha nguvu. Jumamosi moja nikaenda Ngara kwa duka la viungo, la mama mmoja Mgujarati mzee ambaye mathe amenunua kwake bizari tangu sijazaliwa. Nikamuuliza, "Anti, ya menopozi uko nayo?" Nilitegemea anionyeshe rafu. Akaniuliza, "Mama analala saa ngapi, beta? Anakula usiku sana? Chai ngapi kwa siku? Miguu inakuwa baridi?" Sikujua hata moja. Akacheka, akanipa chupa ya mafuta ya ufuta ya shilingi 350. Pasha moto kidogo, paka nyayo kabla ya kulala. Chai ya mwisho saa kumi. Pilipili punguza. "Na daktari ameona? Basi."

Nikiwa hapo dukani nikaangalia rafu na kujiuliza kwani hii ni ya wageni kiasi gani. Manjano tunatumia, samli tunatumia. Mwarobaini ambao kila shosh wa Pwani anauapia ni mti wa India, kwa Ayurveda unaitwa nimba, na uliletwa huku na Wahindi. Watu zaidi ya elfu 30 waliletwa kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na wafanyabiashara wa Gujarati walikuwa wakivuka bahari kuja huku karne nyingi kabla yao, na hawakuja bila dawa za mama zao. Ashwagandha yenyewe inamea porini hapa Kenya. Lakini nilichokosa mimi hakikuwa kwa rafu. Nilikuwa nimeishi na mathe miaka 23 na sijui miguu yake inakuwa baridi saa ngapi.

Usiku huo nikapasha mafuta kwa kijisufuria. Mathe akasema ni ujinga, halafu akatoa soksi. Nikampaka mguu wa kushoto, polepole, na hatukuongea mpaka nikafika kwa vidole. Ndipo akaniambia kuhusu shosh. Kwamba yeye akiwa msichana huko ushago, shosh alikuwa anatoka nje usiku wa manane, anaenda kukaa juu ya jiwe kando ya tangi la maji, leso imefunguliwa kifuani, hata kukiwa na baridi ya kuua ng'ombe. Watoto waliambiana anaongea na mapepo. Walikuwa wanamchungulia kwa dirisha wakicheka, na mathe alikuwa mmoja wao.

"Hakukuwa na friji," akasema. Akanyamaza kidogo, kisha akaninyooshea mguu ule mwingine.